Freddy au Lee: mchora kuta afuate njia ya nani akiitwa galari?

Makala hii ni ya mtu wa kopo la rangi ya kupuliza. Yule anayechora kuta, mageti ya maduka au mabodi ya matatu, na ambaye wiki hii mwenye galari amemwambia alete kazi tano kwenye turubai "tuone". Kwamba aende au asiende, hilo halina mjadala. Ataenda, kodi ya chumba haingoji. Mjadala ni aende akiwa nani. Kwa hilo sioni walimu bora kuliko vijana wa New York waliopita mlango huo kati ya 1979 na 1985, wakati hakukuwa na wa kuwaonya.

Walikuwa wengi, ila wawili ndio wanaofaa kuwekwa kwenye mizani moja, maana waliingia pamoja kwa mlango mmoja, na leo ukiwatazama huwezi kudhani waliwahi kuwa kundi moja. Wa kwanza ni Fred Brathwaite wa Brooklyn, anayeitwa Fab 5 Freddy. Wa pili ni Lee Quiñones, mzaliwa wa Ponce, Puerto Rico, aliyelelewa Lower East Side ya Manhattan. Baadaye nitaleta wengine watatu, Futura, Rammellzee na Lady Pink, kwa sababu kila mmoja wao anaonyesha kitu ambacho hawa wawili hawakukifanya.

Kabla ya mlango

Lee alikuwa na mkono. Kundi lake, Fabulous 5, lilichora treni nzima ya mabehewa 10 kutoka kichwa hadi mkia, katika zama ambazo kulimaliza behewa moja tu, juu hadi chini, kulitosha kukupa heshima mji mzima. Yeye mwenyewe anahesabiwa mabehewa 125 hivi. Mwaka 1978 alishika ukuta wa kiwanja cha shule mtaani kwao, akamchora Howard the Duck, yule bata wa vitabu vya katuni, herufi za jina LEE zikiwa zinalipuka nyuma yake. Pembeni akaandika kwamba grafiti ni sanaa, na kama sanaa ni jinai, basi Mungu awasamehe wote. Alikuwa na miaka 18.

Freddy alikuwa na mdomo, wala silisemi hilo kwa dharau. Mpiga ngoma wa jazi Max Roach alikuwa baba yake wa ubatizo, kwa hiyo alikua akisikia wanamuziki wakubwa wakiongea kazi yao kama kazi, si kama uhuni. Akiwa mvulana alizoea kuzurura ndani ya Metropolitan Museum. Kwenye mabehewa hakuwa na hesabu ya kulingana na ya Lee. Fabulous 5 walikuwa wamekwisha jijengea jina. Yeye alimtafuta Lee mpaka akampata, akaingia kundini, na jina la kundi likamganda yeye kuliko waliolianzisha. Hebu litazame hilo kidogo: katika watu wote wa Fabulous 5, anayetembea na ile 5 kwenye jina lake hadi leo ni yule aliyefika mwishoni. Hapo tayari unaona mtu wa aina gani.

Mapema 1979 gazeti la Village Voice liliwaandika, na humo walikuwa wakijinadi kuchora kuta kwa dola 5 kwa futi mraba. Hesabu ya fundi rangi anayekupimia sebule! Mimi napenda sana habari hiyo kwa sababu inaonyesha walivyokuwa wakijiona: bado hawajajua kama wanauza picha au wanauza eneo lililopakwa. Desemba mwaka huohuo walikuwa Roma, kwenye Galleria La Medusa ya Claudio Bruni, mtu aliyejulikana kwa kushughulika na kazi za mchoraji Giorgio de Chirico. Lee ana miaka 19, Freddy 20. Kati ya futi mraba na ukuta mweupe wa Roma haukupita hata mwaka.

Freddy: aliyeingia na watu nyuma yake

Aliporudi New York, Freddy alichora mwaka 1980 behewa moja ambalo ndilo linalotajwa kila anapotajwa: makopo makubwa ya supu ya Campbell's yamepangwa upande mzima wa behewa. Kila aliyekuwa amewahi kukanyaga galari alijua maana yake. Andy Warhol alikuwa amechora makopo hayo 1962, na sasa kijana wa Brooklyn anayapitisha Bronx kwenye reli ya juu, kama mtu anayeituma barua kwa watu wa sanaa kwa njia pekee ambayo posta yake anaimudu. Barua hiyo ilisema, tunawasoma, je, ninyi mnatusoma?

Lakini kazi yake kubwa haikuwa behewa. Alikuwa akionekana kwenye TV Party, kipindi cha Glenn O'Brien cha televisheni ya jamii, ambako alizoeana na Debbie Harry na Chris Stein wa bendi ya Blondie. Juni 1980, kwenye Times Square Show, onyesho lililofanywa na wasanii ndani ya jengo chakavu la Times Square, alimfuata mwongoza filamu Charlie Ahearn na wazo kwamba grafiti, kuchana mistari, kuchezesha sahani na kucheza breki ni mambo ya familia moja, na kwamba filamu iwaonyeshe hivyo. Kwa sasa hilo linaonekana dogo, kila mtoto anajua nguzo za hip hop. Wakati ule hata baadhi ya waliokuwa ndani hawakuiona hivyo: kulikuwa na wachora treni waliopenda roki tu. Mtu aliyeyafunga mambo haya kamba moja na kuyapeleka mjini kama mzigo mmoja, kwa kiasi kikubwa, ni Freddy.

Aprili 1981 yeye na Futura waliandaa onyesho la Beyond Words kwenye ghorofa ya juu ya klabu ya Mudd Club, sehemu aliyokuwa akiisimamia mchoraji Keith Haring. Afrika Bambaataa alishuka na sahani zake kutoka Bronx, na watu wa pande mbili za jiji ambao hawakuwa wamewahi kukaa chumba kimoja wakajikuta wanagusana mabega. Mwaka huohuo Debbie Harry akamtaja Freddy kwa jina kwenye wimbo wa "Rapture", ulioshika namba moja Marekani. Nawe fikiria, hujauza turubai kumi, na redio ya kila mkoa inatangaza jina lako.

Patti Astor alipofungua Fun Gallery mtaa wa East Village mwaka 1981, Freddy alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuonyesha pale. Mwaka 1982 alikwenda Ufaransa kwenye msafara wa wana hip hop wa New York, na akatoa sahani ya "Change the Beat", akichana humo kwa Kiingereza na Kifaransa. Upande wa pili wa sahani hiyo, mwishoni, kuna sauti ya mashine inayosifia kwamba kitu hiki ni kipya kweli. Neno lake la mwisho limekatwa na kukwaruzwa na madijei mara nyingi kiasi kwamba hata wewe umelisikia bila kujua. Na sauti yenyewe wala siyo ya Freddy! Bahati ya watu wa aina yake ndivyo ilivyo: hata kisichotoka kinywani mwao huenda kikaandikwa kwenye hesabu yao. Agosti 1988 akawa mtangazaji wa Yo! MTV Raps, miwani myeusi na kofia, akiwahoji wachanaji mitaani kwao badala ya studio.

Sasa niambie, nitajie picha moja ya Freddy iliyoko kwenye turubai. Wengi watakwama. Watataja behewa la supu, nalo lilioshwa na shirika la treni kama mengine yote. Hiyo ndiyo bei ya njia yake, na aliilipa yote.

Lee: aliyeingia na picha

Lee akaenda upande mwingine. White Columns ilimwonyesha 1980, na 1982 akawa kwenye galari ya Barbara Gladstone. Hakuwa mtu wa vyama. Sifa yake tangu yadi za treni ilikuwa kuonekana kidogo: watu walilijua jina kabla ya kuujua uso, na aliona hiyo ni salama yake.

Ajabu ni kwamba ndiye aliyechezeshwa kama nyota wa filamu ile ya Freddy na Ahearn, Wild Style, iliyotoka 1983. Anaigiza Zoro, kijana anayechora treni usiku kwa siri, anayevutwa na mwandishi wa habari kwenda kwenye tafrija za matajiri wa sanaa, na asiyejua kama akubali. Mwandishi huyo aliigizwa na Patti Astor mwenyewe, yule wa Fun Gallery. Freddy naye anaigiza Phade, mjanja anayejua kila mtu na kila mlango. Hawakuhitaji kuigiza sana. Ukitaka kuamua wewe ni yupi kati ya wawili hawa, itazame filamu hiyo kwanza kabla ya kuendelea na makala yangu. Mwili wako utakuambia ni nani unayemwonea aibu na ni nani unayemwonea wivu.

Turubai za Lee hazikuwa mabehewa yaliyopunguzwa. Hapo ndipo wengi wa rika lake walipokosea: walichukua jina lao, wakalipuliza kwenye kitambaa cha mita mbili, wakashangaa mbona limekufa. Behewa linatembea. Linakujia kwa kelele, linakupita, unabaki na picha kichwani. Turubai imekaa palepale, mtu anaisogelea na glasi ya divai anaona kila tone lililochuruzika. Lee alielewa kwamba kwenye chumba kile kuna sekunde nyingi za kujaza, akaweka ndani yake watu, vita, mitaa, habari. Alijifunza kuchora upya wakati tayari ni bingwa, jambo ambalo mabingwa wachache wanakubali.

Na malipo yake yalichelewa. Baada ya wimbi la mwanzo kupita, alipita miaka mingi ambayo nje ya Ulaya na nje ya wapenzi wa grafiti wenyewe hakuna aliyemtaja. Leo kazi zake ziko kwenye makumbusho ya Whitney na Museum of the City of New York, na bado anapaka. Mwulize mtu akutajie kazi ya Lee: atataja bata, atataja treni ya mabehewa 10, na akiwa anafuatilia atataja turubai pia.

Tuwaweke bega kwa bega

Kwa upande wa pesa za haraka, Freddy ameshinda, lakini si pesa za picha. Ni pesa za filamu, muziki, televisheni na kuitwa kwenye mambo. Lee pesa yake ilitoka zaidi kwenye turubai yenyewe, maana yake ilikuja kwa vipindi, na mwenye galari alikaa katikati. Ukiwa na watoto au wazazi wanaokutegemea, tofauti hii si ndogo.

Kwa upande wa kutegemea mtu mmoja, Freddy yuko salama zaidi. Galari ikifunga, ana marafiki kwenye kituo cha televisheni. Lee galari ikifunga, anaanza tena.

Kwa upande wa mkono wako kubaki duniani baada yako, Lee, bila kusita. Freddy ameacha nyaraka, ambazo sasa zinahifadhiwa na kituo cha Schomburg huko Harlem, na hilo si jambo dogo. Watafiti watakwenda pale kuusoma mji mzima kupitia makabrasha yake. Lakini nyaraka si picha.

Na kwa upande wa kuwafaa wenzako? Hapa huwa nabishana na rafiki zangu wanaomdharau Freddy kwa kusema "alichora nini?" Toa Freddy kwenye hadithi, kisha uhesabu ni wangapi wangefika mjini. Lee mwenyewe asingekuwa Zoro. Mtu anayebeba wenzake mgongoni hachori vizuri, mikono imeshika miguu ya watu.

Soko lililowapokea na kuwatupa

Kuna jambo linabadilisha mizani yote, nalo ni kwamba mlango ule haukukaa wazi. Wala hawakuwa wa kwanza kuugonga. Mwaka 1972 mwanafunzi wa sosholojia, Hugo Martinez, aliwakusanya wachora treni kwenye chama cha United Graffiti Artists, na 1973 wakaonyesha Razor Gallery huko SoHo. Ilisifiwa, ikapita, treni zikaendelea. Mara ya pili ndiyo hii ya akina Freddy, na kilele chake ni Desemba 1983, Sidney Janis, mwenye galari aliyewahi kuonyesha wachoraji wakubwa Mondrian na Pollock, alipoandaa onyesho aliloliita Post-Graffiti. Jina hilo lenyewe lilikuwa la kutilia shaka: mtu anakualika kwake huku ametundika mlangoni tangazo kwamba ulichokuwa ukifanya kimekwisha.

Miaka miwili baadaye Fun Gallery ilikuwa imefungwa. Wakusanyaji wa New York wakahamia kitu kingine, na waliobaki wakinunua kwa uaminifu walikuwa zaidi Ulaya, hasa Uholanzi, ambako dalali Yaki Kornblit wa Amsterdam alikuwa akiwauza, na makumbusho ya Boijmans ya Rotterdam iliwaonyesha 1983. Turubai nyingi za Janis zilikuja kuishia Brooklyn Museum, zikaonyeshwa tena 2006, zaidi ya miaka 20 baadaye, baadhi ya waliozichora wakiwa wamekwisha kuacha.

Na huku nyuma nyumba waliyotoka ilikuwa inabomolewa. Shirika la treni liliweka uzio, mbwa na dawa za kuosha, na tarehe 12 Mei 1989 likaliondoa njiani behewa la mwisho lililochorwa. Aliyekuwa anafikiri galari ikimshinda atarudi kwenye treni, treni haikuwepo. Wachora matatu wa Nairobi wanajua ladha hiyo: 2004, kanuni za Waziri Michuki zilipoamuru mstari wa njano, watu waliokuwa na foleni ya magari gereji waliamka hawana kazi, na ilichukua miaka kama kumi serikali kulegeza kamba. Kwa hiyo unapochagua njia, usiulize tu nani alifanikiwa 1983. Uliza nani alikuwa bado amesimama 1990.

Nisisahau kusema: usipige hesabu kwa Jean-Michel Basquiat, mchoraji mwingine wa New York ya wakati uleule. Kila kijana ananitajia dola milioni 110.5 za picha yake moja kwenye mnada wa Sotheby's wa 2017. Picha hiyohiyo ya 1982 iliuzwa mnadani 1984 kwa dola 19,000, mchoraji akiwa hai, na aliyenufaika na tofauti si yeye. Alifariki 1988 akiwa na miaka 27. Tena Basquiat hakuwa mtu wa treni. Alianzia maneno yaliyosainiwa SAMO kwenye kuta za mjini, karibu na galari zenyewe, na hakupenda kuitwa mchora grafiti. Njia yake haifuatiki, ni ya mtu mmoja.

Futura: kazi ya mkono kwenye kitu kinachouzwa

Leonard McGurr, Futura 2000, ndiye ningemweka mbele ya kijana mwenye jicho la rangi lakini asiyependa kuchora watu. Mwaka 1980 alichora behewa lililoitwa Break, lisilo na herufi kubwa za jina kama desturi, bali mawingu ya rangi na mivunjiko, nusu anga, nusu ajali. Watu wa galari waliielewa mara moja, na hilo lilimsaidia, maana hakuwa na haja ya kubadilika sana alipofika kwenye turubai. Mwaka 1981 alisafiri na bendi ya The Clash akipuliza rangi jukwaani nyuma yao wakipiga, na akatoa hata sahani ya kuchana (yeye mwenyewe hajidai kuwa mchanaji).

Soko lilipozima, Futura alipanda baiskeli akawa mpeleka vifurushi jijini. Huyu ni mtu aliyekuwa ameonyesha kwenye Fun Gallery na kwenye galari ya Tony Shafrazi. Nalisema hili bila huruma kwa sababu linafundisha: aliipokea baiskeli, hakufa kwa aibu. Mbunifu wa mavazi Mfaransa Agnès B. aliendelea kununua kazi zake, kisha miaka ya 1990 umbo lake lile la viumbe wembamba wenye vichwa vilivyochongoka likaenda kwenye jalada la albamu ya 1998 ya kundi la muziki la UNKLE, kwenye fulana, viatu, midoli, baadaye hadi gari la BMW. Mwaka 2024 Bronx Museum ikamfanyia onyesho la maisha yake yote.

Walioko galari humcheka mtu anayechora viatu. Waache. Kwa kijana wa kwetu ambaye wakusanyaji wa picha mjini kwake wanajaa kwenye meza moja ya chakula, fulana na jalada la albamu ndiyo soko lenyewe. Kasoro yake ni moja: umbo moja linaweza kukufunga. Likipendwa, wataliomba hilohilo mpaka uzeeni.

Rammellzee: aliyejenga dunia yake

Huyu alizaliwa Far Rockaway, Queens, mwaka 1960. Alisema herufi ziko vitani, zimefungwa na sheria za uandishi tangu zama za watawa wa Ulaya, na kazi ya mchora treni ni kuzivisha silaha. Si mzaha, alizitengeneza. Kila herufi akaijengea gari lake juu ya ubao wa magurudumu, kwa takataka za mtaani na gundi, zikaning'inia dari la nyumba yake huko Tribeca aliyoiita Battle Station. Mwenyewe alitoka akiwa amevaa mavazi ya chuma na plastiki, kinyago usoni. Mwaka 1983 alichana na K-Rob kwenye "Beat Bop", dakika zaidi ya kumi, Basquiat akilipia na kuchora jalada, nakala karibu 500 tu. Leo sahani hiyo ni dhahabu kwa wakusanyaji.

Alifariki 2010, kabla makumbusho makubwa hayajamwamkia vizuri. Onyesho kubwa lililomfungua kwa watu wengi lilifanyika New York 2018. Nampenda kuliko wote, na simshauri mtu amfuate isipokuwa yule ambaye hata nikimkataza atamfuata tu.

Lady Pink: galari mkono mmoja, ukuta mkono mwingine

Sandra Fabara, mzaliwa wa Ambato, Ecuador, mwaka 1964, alianza treni 1979 akiwa msichana wa shule, akizungukwa na wavulana walioeneza kwamba kuna mwanaume anayemchorea. Akawakomesha kwa kwenda yadi nao. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari kwenye maonyesho. Akiwa na 20 hivi akafanya lake peke yake chuo cha Moore, Philadelphia. Kwenye Wild Style ndiye Rose.

Alichokifanya yeye na ambacho akina Freddy na Lee hawakukipa uzito uleule, ni kuendelea kupaka kuta kwa mkataba, kama biashara ya nyumbani pamoja na mumewe, huku turubai zikiendelea kivyake. Ukuta ulilipa bili, turubai ikawa na uhuru wa kusema asichotaka kusikia mteja. Tena alikuwa miongoni mwa wasanii 21 wa jengo la 5Pointz huko Queens, ambalo mwenye jengo alilipaka chokaa usiku mmoja wa Novemba 2013. Walishitaki. Mwaka 2018 jaji aliamuru walipwe dola milioni 6.7, na rufaa ya 2020 ikakaza hukumu. Kwa watu ambao miaka 30 kabla walikuwa wakikimbizwa na polisi kwa kazi ileile!

Basi wewe

Kama jioni ukiwa nyumbani simu inaita watu wakiuliza "leo kuna nini mjini?", na kama unafurahia zaidi kumpeleka mwenzako kwa mwenye galari kuliko kwenda mwenyewe, usijilazimishe kuwa Lee. Fuata Freddy, andaa maonyesho, wahoji watu, tunza mabango na tiketi zote, na ukubali mapema kwamba picha zako zitakuwa mstari mmoja kwenye wasifu wako. Atakayeteseka ni yule mwenye kipaji cha Freddy anayengoja kusifiwa kama Lee.

Kama ni mtu wa usiku, wa kimya, na kazi yako watu huitambua bila saini, fuata Lee, ila uazime mkataba wa kuta wa Lady Pink. Kwa hali ya soko la kwetu, Lee mtupu atalala njaa. Na zile turubai tano za mwenye galari zisiwe geti lako lililopunguzwa; ondoa jina lako kabisa kwenye tatu kati yake uone kama zinasimama.

Kama mkono wako ni wa maumbo na rangi, Futura. Anza na jalada la msanii wa mtaani kwenu, hata kama analipa kwa wali na maharage, lakini mwandikishane nani anamiliki mchoro.

Na kabla hujapeleka chochote, nenda leo ukapige picha kuta zako zote, mwanga wa asubuhi, mbele kabisa na nyingine kwa mbali mtu akipita. Lile behewa la supu, na mengine mengi ya wakati ule, tunayabishania leo kwa sababu watu kama Martha Cooper na Henry Chalfant walisimama kwenye vituo na kamera wakiyasubiri. Daftari lako la michoro nalo usimpe mtu. Martin Wong, mchoraji aliyefanya kazi kwenye duka la vifaa vya rangi, aliyanunua madaftari ya vijana wale mmoja mmoja wakati hakuna aliyeyataka, na 1994 akayatoa kwa Museum of the City of New York. Yeye alikuwa mwungwana. Atakayekugongea wewe sijui.